UZI: Sinagogi la kona ya Uhuru Highway, Nairobi. Waliahidiwa Uasin Gishu nzima wakaishia na ploti moja

Mpita Kona (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Mi ni Mtanga niliyelowea Nairobi, mwaka wa kumi na moja huu. Kila siku ya Mungu napanda matatu kutoka Westlands kuingia mjini na kila siku inakwama palepale, mzunguko wa University Way, chini ya hii barabara ya juu waliyotujengea juzi. Ukikwama pale ukageuza shingo utaona ukuta, miti mingi, geti lenye walinzi, na jengo lililojificha nyuma. Miaka mitatu ya mwanzo nilidhani ni ubalozi. Siku moja nikamuuliza kondakta, akanicheka mbele za watu, ati "hiyo ni kanisa ya Wayahudi, we umetoka wapi?"

Basi toka siku hiyo nimekuwa nafuatilia, nasoma hapa na pale, nauliza wazee, na nimegundua hii stori ni kubwa kuliko huo ukuta. Hawa jamaa wanahesabu jumuiya yao imeanza 1904. Elfu moja mia tisa na nne wakuu! Reli imefika hapo Nairobi 1899, kwaiyo mji una miaka mitano, ni mahema na mabati na matope na tauni ya panya, bado haujawa hata makao makuu ya serikali, na tayari kuna watu wamekaa chini wakasema sisi ni jumuiya ya Kiyahudi ya Nairobi.

Jengo la kwanza liliwekewa jiwe la msingi 1912 na gavana mwenyewe, Sir Percy Girouard, likafunguliwa 1913. Piga hesabu: jiwe la msingi la kanisa la All Saints ni 1917, msikiti wa Jamia walianza kujenga 1925, na Chuo Kikuu kilicho jirani yao hapo kilianza kama Royal Technical College katikati ya miaka ya 50. Yaani karibu kila kitu kikubwa unachokiona ukiwa kwenye jamu ile kimewakuta.

Nitashusha kwa vipande maana nipo kazini, bosi akipita nafunga. Kaeni mkao.

---

Jamaa wa Kariokor

Nimekaa siti ya mbele na chai. Mi nimezaliwa Nai na sijawai jua hiyo kitu ni ya 1904, nilidhani ni ya juzi juzi hivi wakati wa Moi. Shusha mkuu.

---

Mbishi Mkuu

Hapa kuna kitu mnafichwa. Kwanini wawe Nairobi mapema hivyo? Walitumwa. Someni kuhusu "Uganda" ya 1903 mtaelewa.

---

Mpita Kona

@Mbishi Mkuu umeniwahi, ndo nilikuwa nakuja hapo, ila hapajafichwa chochote, ipo wazi kuliko risiti ya M-Pesa.

Sikia. Desemba 1902 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipanda ile reli kutoka Mombasa akaona nyanda za juu zilivyo baridi na kijani, kichwani kwake akaona "hapa pako wazi". (Wazi kwa macho ya nani, hilo tutalifikia.) Huku Urusi Wayahudi walikuwa wanachinjwa, mauaji ya Kishinev yalikuwa Aprili 1903, na Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni (Wayahudi waliotaka nchi yao wenyewe), anazunguka Ulaya nzima anatafuta serikali ya kumpa mahali pa kuwapeleka watu wake. Agosti 1903 ikaandikwa barua rasmi: mnaweza kupewa eneo Afrika Mashariki. Eneo lenyewe ni uwanda wa Uasin Gishu, maili za mraba 5,000, kama kilomita za mraba elfu kumi na tatu hivi.

Sasa kwanini linaitwa "mpango wa Uganda" wakati Uasin Gishu iko Kenya? Kwa sababu mpaka 1902 upande ule wote ulihesabika ni Uganda, ndo wakauhamishia huku. Barua ya 1903 watu bado ulimi haujazoea, na reli yenyewe iliitwa reli ya Uganda. Kwaiyo ukimsikia mtu anasema Wayahudi walitaka kupewa Kampala, mwambie akae.

Herzl akalipeleka kwenye mkutano wao Basel, Uswisi, mwezi uleule. Kuligeuka vita. Kura ya kutuma watu tu wakaangalie, siyo kuhamia, kuangalia tu: 295 ndiyo, 178 hapana, na wengine karibu mia hawakupiga kabisa. Na walioongoza kukataa ni walewale wajumbe kutoka Urusi, ambao ndo nyumba zao zinachomwa! Walitoka nje ya ukumbi, kuna waliokaa chini wakalia kama wamefiwa. Walikuwa wanataka Yerusalemu, siyo sehemu yenye hali nzuri ya hewa.

Herzl akafariki Julai 1904. Tume ya watu watatu, mmoja meja wa Kiingereza, mmoja Mswisi na mmoja mhandisi Myahudi kutoka Urusi, ikaondoka Ulaya mwishoni mwa 1904, ikazunguka uwanda huo wiki kadhaa na kurudi na ripoti zinazogombana zenyewe kwa zenyewe. 1905 mkutano uliofuata wakasema asanteni, hapana.

---

Sisibo64

Wacha mtoto wa Eldy (Eldoret, mji wa Uasin Gishu) aingie hapa. Kwetu wazee wanasimulia eti wale watatu walizungushwa makusudi na masetla, wakapitishwa kwa ndovu na simba na morani ndio waogope. Hiyo mi siweki mkono kwenye moto, ni stori ya kijiweni, ingawa masetla kweli hawakuwataka, kiongozi wao Delamere alituma telegramu mpaka kwa gazeti la The Times huko London kupinga.

Lakini hapo kwa "pako wazi" ndio mi hukasirika. Jina lenyewe Uasin Gishu ni la Wamaasai, sehemu moja ya Maa iliyokaa pale ikaja kuvunjwa kwa vita za karne ya 19, na baada yao Nandi walikuwa wanalisha ng'ombe. Sasa tazama tarehe. Tume inazunguka huku mwanzo wa 1905. Oktoba 19 mwaka huohuo Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wetu (kiongozi wa kiroho wa Nandi), anaitwa kwa mazungumzo ya amani anapigwa risasi na Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Waingereza. Na huyu Meinertzhagen mnajua baadaye alienda wapi? Palestina, akawa afisa wa Waingereza huko na mtetezi mkubwa wa Uzayuni! Mtu mmoja, ardhi mbili. Hii dunia ni duara.

Wayahudi wakikataa, 1908 wakaletwa Makaburu na mikokoteni yao ya ng'ombe kutoka huko kusini. Mji wa Eldoret ukaanzia kwa shamba namba 64, ndio maana wazee wetu waliita Sisibo, ni "sixty-four" hiyo, na ndio jina langu hapa.

---

Mpita Kona

@Sisibo64 nimesimama nakupigia saluti, hiyo ya Meinertzhagen sikuwa nimeiunganisha.

Sasa utamu wenyewe ndo huu wakuu. Mpango ulikufa, ila habari ilikuwa imeshasambaa. Kuna vijana huko Afrika Kusini waliisikia 1903 wakasema sisi hatungoji kura ya Basel. Mmoja wao Abraham Block, Mlithuania, kijana wa miaka ishirini hivi, akapanda meli mwaka huohuo akashuka Mombasa. Hakuja kama mzungu mwenye hela. Inasimuliwa kazi yake ya kwanza ya maana Nairobi ilikuwa kutengeneza magodoro ya hoteli, akayajaza majani makavu ya porini. Akalima, akafilisika, akalima tena. 1927 akaipata hoteli ya Norfolk. Norfolk ileile iliyofunguliwa Krismasi ya 1904, mwaka mmoja na jumuiya yao, na kutoka pale mpaka sinagogi ni kutembea tu hata viatu havipati vumbi. 1947 akachukua na hoteli ya New Stanley. Wanawe wakaja kuendesha hoteli za porini, Keekorok, Samburu Lodge na nyingine nyingi. Mtalii wa miaka ya 60 na 70 alikuwa akishuka ndege analala kwa Block, akienda porini analala kwa Block.

Kwaiyo tuseme hivi, waliahidiwa kilomita elfu kumi na tatu wakazikataa, halafu wachache waliokuja kivyao wakajichukulia ploti moja ya kona na geti. Na ile ploti ndo imebaki.

---

Bi Nargisi

Hongera mwanangu kwa kutuandikia. Mie wa Mombasa, nina swali la kinyumbani. Wakisali wanaelekea wapi? Na hiyo Sabato yao inaanza saa ngapi, maana najua wanahesabu siku kwa magharibi kama sisi.

---

Mpita Kona

Shikamoo bibie. Swali zuri kuliko yote ya huu uzi.

Wanaelekea Yerusalemu. Sasa chukua ramani: Nairobi na Yerusalemu ziko karibu mstari mmoja, anayesali Nairobi anaelekea kaskazini karibu moja kwa moja. Na Makka kutoka Nairobi ni kaskazini pia, inasogea kidogo tu mashariki. Ina maana Ijumaa moja ile, mchana watu wa Jamia wanaelekea upande mmoja, jioni watu wa kona wanaelekea karibu upande uleule. Nilipoliwaza hilo ndani ya matatu nilicheka peke yangu, jirani akasogea.

Sabato inaingia Ijumaa jua linapozama. Huku kwetu ikweta jua halina maringo, linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima. Wenzao wa London Desemba wanawasha mishumaa saa tisa na ushee alasiri, kazi haijaisha, na Juni wanangoja mpaka usiku mwingi. Nairobi unaweka saa moja tu kichwani mpaka unazeeka.

Kinachowachanganya ni mvua. Kwenye sala zao kuna kipengele cha kuomba mvua, kinaanza baada ya sikukuu ya vibanda mwezi wa kumi hivi na kinakoma Pasaka. Imepangwa kwa hali ya hewa ya kule kwao, mvua ni baridi, kiangazi ni kikavu. Nairobi Pasaka ndo masika yanafunguka, mafuriko mpaka South C. Yaani wanaacha kuomba mvua siku zilezile inapomwagika kwa ndoo. Na vibanda vyenyewe, wanakaa kwenye vibanda vya majani wiki nzima mwezi wa kumi, vuli zinabisha hodi.

---

Bi Nargisi

Marahaba. Nimecheka hiyo ya ndoo. Basi dua za wote zinachanganyika huko juu.

---

Jamaa wa Kariokor

Mkuu na wale wa vita ya Hitler? Guka (babu) wangu alifanya shamba la mzungu huko Rongai ya Nakuru, alikuwa akisema huyo mzungu alikuwa wa ajabu, hakujua kukamua ng'ombe na alikuwa na vitabu chumba kizima.

---

Mpita Kona

Guka wako inawezekana kabisa alifanya kazi kwa mmoja wao, maana hao ndo walioijaza jumuiya.

Kabla ya hapo walikuwa familia chache tu, wengi wa asili ya Lithuania na Urusi waliopitia Afrika Kusini au Uingereza. 1938 huko London ikaundwa Plough Settlements Association, kazi yake kuwatoa Wayahudi Ujerumani na Austria na kuwaleta Kenya kufanya kazi za shamba. Serikali ya koloni haikutaka wakimbizi maskini na haikutaka wengi, masetla nao wakalalamika tena kama 1903. Waliopita ni mamia, siyo maelfu. Mtu alikuwa wakili au daktari Berlin, Kenya anawekwa kusimamia shamba la mahindi au pareto la mtu mwingine, hajawahi kushika jembe, Kiswahili anafundishwa na mpishi. Ukiwa kule bara ndani siku nzima hakuna wa kuongea naye lugha yako, kwaiyo Nairobi na lile jengo la kona likawa ndo mahali pa kukutana na kusikia habari za nyumbani. Nakuru nao wakawa na jumuiya yao.

Kuna kitu kinauma. Vita ilipoanza Septemba 1939 Waingereza wakawahesabu hawa kama Wajerumani, maadui! Umemkimbia Hitler unakamatwa kwa sababu pasipoti yako ni ya Hitler. Wanaume wakawekwa kambini, wanawake na watoto wakaletwa hotelini Nairobi. Hotelini yaani Norfolk, ya Block. Ni kifungo, ila kina kitanda na mwenye nyumba anayejua unafunga siku gani. Wengi waliachiwa, na vijana wao kibao wakaja kuvaa sare za jeshi la Uingereza hilohilo lililowakamata.

Baada ya vita ndo wakapata barua kuhusu waliobaki kule. Hapo sitaandika mengi.

---

Mulubumbashi

Bandugu mambo. Miye niko mutu ya Lubumbashi, nasomaka hapa kila siku na nanyamaza, leo nasema kidogo. Kwetu pia kuko sinagoge, ilijengwa mu mwisho ya myaka ya 20, wakati muji ilikuwa inaitwa Elisabethville. Ya kwetu si ba Lituania sana, wengi balitoka ku kisiwa ya Rhodes, balikuwa banasema Kispanyola ya zamani ya bankambo. Balikuwa na rabi moja, Moïse Levy, alifika 1937 akabakia mpaka 1991, myaka zaidi ya makumi tano! Bale babakia kule Rhodes, mu 1944 Bajermani balibapeleka Auschwitz, kambi ya kuua batu, karibu bote. Moïse Katumbi mwenye munajua, gouverneur wa zamani na mwenye TP Mazembe, baba yake alikuwa Muyuda wa Rhodes. Njo vile.

---

Mpita Kona

Karibu sana ndugu, usinyamaze tena. Na hapa Kongo yenu inaingia kwenye stori ya Kenya, ngoja.

Gilgil. Mnaijua Gilgil ya jeshi, kabla ya Nakuru ukitokea Naivasha. Waingereza walikuwa wanapigana na vikundi vya chini kwa chini vya Kiyahudi kule Palestina, Irgun na Lehi. Kuanzia Oktoba 1944 wakawa wanawakamata na kuwatupa Afrika wakae mbali, kwanza Eritrea, halafu Machi 1947 wakawaleta Gilgil, mia mbili na ushee. Humo ndani kulikuwa na mtu kama Meir Shamgar aliyekuwa anasoma sheria kwa posta kutoka Chuo Kikuu cha London, akaja kuwa rais wa Mahakama ya Juu ya Israel. Kifungoni Gilgil! Leo sisi tuna intaneti ya kasi tunaangalia vichekesho.

29 Machi 1948 sita kati yao wakatoroka kwa handaki walilochimba, akiwemo Yaakov Meridor aliyekuja kuwa waziri. Wakakatiza Uganda mpaka Kongo ya Mbelgiji, kisha Brussels. Waliobaki wakarudishwa Julai 1948, nchi yao ikiwa na miezi miwili.

Sasa jiweke kwenye viatu vya Wayahudi wa Nairobi wakati huo. Gavana aliwawekea jiwe la msingi, wanafanya biashara na Waingereza, wanakunywa nao chai pale Norfolk. Na saa mbili kwa gari kuna wenzao wanaoitwa magaidi na hao hao Waingereza. Ukienda kuwaona unaonekana msaliti upande mmoja, usipokwenda msaliti upande wa pili. Mi hapa ndo nawaheshimu, maana kuishi hivyo bila kuvunjika vipande siyo kazi ndogo.

Na wala hawakushuka hadhi. 1955 Israel Somen, mtu wa jumuiya hiyo, akawa Meya wa Nairobi. Mwaka huohuo ndo wakapata jengo jipya pale kona, hili lililopo sasa, la 1913 likawa halitoshi.

---

Mbishi Mkuu

Meya! Nilisema mimi. Walikuwa wanaendesha mji.

---

Sisibo64

@Mbishi Mkuu meya 1955 maana yake ni wakati wa hali ya hatari, Mau Mau, kipande shingoni, na baraza la jiji chini ya gavana. Mji ulikuwa unaendeshwa na Waingereza na kila mzungu alifaidi, yeye akiwemo. Hiyo ndio lawama ya kweli kama unatafuta lawama. Hizo za "wanaendesha dunia" zipeleke kule kwa nyuzi za freemason.

---

Mpita Kona

Sisibo umemaliza. Mi nitaongeza moja tu: walikuwa wazungu kwa sheria ya ubaguzi ya wakati ule, wakapata ardhi na biashara ambazo Mwafrika hakuruhusiwa kuzisogelea, ila mzungu mwenzao alikuwa akiwaangalia kwa jicho la pembeni. Vyote viwili ni kweli kwa pamoja.

Uhuru ukaja, wengi wakaondoka, wengine Israel, wengine Uingereza. Ungedhani hapo ndo mwisho. Lakini wakati wa zamani wanafunga masanduku wapya wanashuka ndegeni, wahandisi na wakandarasi wa Israel, kampuni kama Solel Boneh, mabwana kilimo, walimu. Hawa hawakuja kuzeeka Kenya, mkataba ukiisha anaondoka. Ikawa jumuiya ya watu wa kupita, leo uko na jirani kwenye benchi, mwaka kesho karudi Haifa. Kumbuka sala zao kamili zinataka wanaume kumi waliofika umri wa miaka 13, wakiwa tisa kuna sehemu haziswaliwi. Katika mji kama huu kumpata wa kumi ni kazi, na watalii wameokoa sala nyingi sana, nna uhakika.

1973 Kenya ilivunja uhusiano na Israel kama nchi nyingi za Afrika, ukarudi Desemba 1988. Miaka kumi na tano hapakuwa na ubalozi. Lakini sinagogi halikufungwa. Kuna rabi wao mmoja aliyekaa hapo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 60 aliandika historia ya jumuiya toka 1903 hadi 1962, na ukiisoma unaona jinsi walivyokuwa wanahesabu watu kila mwaka kama mama anayehesabu vikombe baada ya wageni.

---

Mzee Kibiriti

Vijana mmenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa mpishi katika hoteli nyingine mjini mwaka 1980. Mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba, jikoni kumepamba moto, sahani zinatoka zinarudi, tukasikia mshindo. Tulidhani ni baruti za sherehe. Baadaye kidogo ving'ora. Ilikuwa Norfolk, chumba cha kulia chote kimeporomoka, watu wasiopungua 16 walikufa. Tulisimama uani na vitambaa vya jikoni mikononi hakuna aliyesema neno. Wengi wetu tulikuwa na ndugu au rafiki anayefanya kazi kule, maana wapishi wa Nairobi tulikuwa kama ukoo mmoja.

---

Mpita Kona

Shikamoo mzee. Pole sana, na asante kwa kutuambia.

Kwa wasiojua: 27 Juni 1976 ndege ya Air France ilitekwa ikapelekwa Entebbe kwa Amin, na usiku wa kuamkia 4 Julai makomando wa Israel wakaja kuwachukua mateka, na wakati wa kurudi ndege zao zilitua Nairobi kuongeza mafuta. Amin akawageukia Wakenya waliokuwa Uganda akawaua. Bomu la Norfolk lilihusishwa na kisasi cha Entebbe, na hoteli ilikuwa bado ya familia ya Block. Halafu likaja la ubalozi wa Marekani Agosti 1998, halafu Kikambala huko pwani Novemba 2002, hoteli ya Waisraeli ikalipuliwa, watu 13 wakafa, kumi ni Wakenya wenzetu, wengine walikuwa wanacheza ngoma ya kupokea wageni.

Kwaiyo mkiuliza kwanini ule ukuta na wale walinzi, jibu ndo hilo. Kondakta wangu anasema "wanajificha".

---

Mzee Kibiriti

Marahaba. Zamani hapakuwa na ukuta wa namna hiyo, ulikuwa unapita unaona bustani.

---

Wa Mbale

Nanyi msisahau jirani. Huku kwetu Mbale kuna Wayahudi weusi, Abayudaya. Jenerali Semei Kakungulu aliyewapigania Waingereza, wakamnyima ufalme aliodhani atapewa, akasoma Biblia mwenyewe akasema mimi nashika hii ya kwanza. 1919 akajitahiri yeye na wanawe. Amin alipowapiga marufuku walisalia kama mia tatu tu. Sasa wanaye rabi wao Gershom Sizomu, aliwahi pia kuwa mbunge, na sinagogi kubwa walifungua 2016 pale Nabugoye. Kwaiyo ule "mpango wa Uganda" ulifanyika, ila kwa njia ambayo Chamberlain hakuiota.

---

Jamaa wa Kariokor

😂😂 hiyo ya mwisho imeniua.

Na Kenya pia kuna wakulima Wakikuyu huko Kasuku, Nyandarua, walianza na kanisa la kimasiya (Wakristo wenye desturi za Kiyahudi) wakaachana nalo wakaingia Uyahudi wenyewe kabisa. Wanashika Sabato na viazi viko shambani.

---

Mbishi Mkuu

Sawa nimenyoosha mikono. Swali la mwisho tu, siyo ubishi. Mtu kama mimi naweza kuingia pale kuona, au natolewa mbio?

---

Mpita Kona

Usijitokeze tu getini mkuu, hapo utaulizwa maswali mpaka utasahau jina lako. Andika kwanza uombe, ueleze wewe nani na unataka nini, na kitambulisho au pasipoti ubebe. Usiende na begi kubwa. Mwanaume utavaa kikofia, usivue kama unavyovua kanisani, ni kinyume. Kama ni Sabato, simu iache nyumbani, hawapigi picha wala hawaandiki siku hiyo.

Mi nilienda mara moja, siku ya kawaida, dakika kama arobaini. Nilichokumbuka ni ukimya, upo katikati ya Nairobi na jamu iko palepale nje ya ukuta inapiga honi, ila ndani unasikia ndege. Mzee aliyenitembeza aliniuliza natokea wapi, nikamwambia Tanga. Akaniuliza kwa Kiswahili safi kuliko cha kondakta wangu: "Na umekuja kukaa au unapita?"

Nikamwambia miaka kumi na moja bado najiuliza. Akacheka sana, akasema basi we ni mwenzetu.

Bosi huyo, nafunga.